Masikio Yupo?

Simu ilikuwa ya mdogo mtu, lakini aliyeipokea ni kaka mtu.

Ilikuwa imeachwa juu ya meza ya vifaa, kati ya kopo la grisi na plagi kuukuu. Ikalia, ikakata, ikalia tena. Jua lilikuwa limeanza kuelekea magharibi. Mdogo mtu alikuwa nyuma ya banda la gereji, kainamia karai la petroli, anasafisha vyuma vya watu. Ungemwita kwa sauti ya kawaida tu, angekusikia. Kaka mtu hakumwita. Alijifuta mikono kwenye suruali, akaipokea simu.

"Masikio yupo?" iliuliza sauti ya mwanamke mtu mzima.

Hata salamu hakuna. Ndivyo walivyo wote. Wateja wakifika pale wanashusha kioo, wanachungulia juu ya bega la kaka mtu kama vile yeye ni nguzo ya banda, wanauliza Masikio yupo. Naye ana jibu lake moja, amelitumia mpaka limekuwa laini mdomoni.

"Hayupo. Katoka kidogo."

Na wao hujibu, basi namngoja. Wanakaa kwenye benchi la mbao pale mlangoni, wanakunja nne, wanangoja. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusema, basi nishikie wewe.

Jina la Masikio halikutokana na ukubwa wa masikio. Ni madogo, mazuri, kama ya msichana. Watu walimpa kwa sababu anasimama kando ya gari linalowaka, anafumba macho, kisha anakuambia ugonjwa wake kabla hujafungua boneti. Kaka mtu ndiye aliyemfundisha kushika spana. Ndiye aliyemfuta kamasi. Gereji ile waliachiwa wote wawili na marehemu baba yao, kila mmoja sawa na mwenzake. Lakini nenda mtaani ukaulize jina la huyo mkubwa. Utaambiwa ni kaka yake Masikio. Mtu mzima, mvi zimeshaota kidevuni, anaitwa kwa jina la mtoto aliyembeba mgongoni. Hata mama yao, aliyekaa nao chumba cha uani, mkubwa akimpelekea chai anapokea, anashukuru, kisha anauliza kama mdogo kashakunywa.

Roho ilikuwa inamuuma. Tuseme ukweli, ilikuwa inamuuma kila siku ya Mungu.

"Ni gari la spoti," mwanamke alisema kwenye simu. "La zamani, la milango miwili. Silensa haitulii. Mafundi kadhaa limewashinda. Namtaka Masikio."

"Nakuja mimi, mama. Mimi ndiye niliyemfundisha."

"Wewe nani?"

"Kaka yake."

"Haya. Njoo kabla giza halijaingia," alisema, akamwelekeza nyumba.

Alichukua kasha la vifaa la mdogo wake. Akachukua na ule mpira uliotundikwa msumarini, mpira mwembamba wa urefu wa mkono, ambao ncha yake moja Masikio huiweka sikioni, na nyingine huipitisha taratibu juu ya injini. Pale penye tundu linaloiba hewa, mpira unakuletea mluzi. Ni kitu rahisi tu. Kaka mtu alikuwa na wake, lakini wa Masikio aliuona kama una bahati.

"Kaka, simu ya nani?" Masikio aliuliza kutoka nyuma ya banda.

"Wamekosea namba."

* * *

Gari lilikuwa uani kwa yule mwanamke, chini ya bati. Jekundu, fupi, limelala chini kama paka anayevizia. Mwenye gari alikuwa mjane mrefu, mwenye sweta jeusi, na alisimama mbali nalo, mlangoni kwake. Kaka mtu alifungua mlango wa dereva na harufu ikamjia usoni. Haikuwa petroli wala ngozi ya viti. Ilikuwa dawa ya kifua, ile ya kupaka, inayowasha macho.

"Marehemu mume wangu alikuwa akilishika mwenyewe," mjane alisema. "Enzi zake lilikuwa limetulia. Tangu afariki, halijatulia hata siku moja."

"Leo litatulia, mama."

Aliwasha.

Silensa ni ule mngurumo wa gari lililosimama, wakati hukanyagi mafuta. Ikiwa nzima, haipandi wala haishuki. Ya gari hili ilipanda, ikashuka. Ikapanda. Ikashuka mpaka karibu kuzima, halafu ikajivuta juu tena kwa shida. Kaka mtu amesikia magari mabovu maisha yake yote, lakini hili halikunguruma.

Lilikuwa linahema.

Alijipa moyo akaanza kazi. Alisafisha kabureta. Akabadili plagi. Akazungusha skrubu ya silensa kwa bisibisi, kulia, kushoto, na gari likaendelea kupanda na kushuka. Linavuta hewa, akajiambia. Mahali fulani kuna tundu, hewa inaingia ya wizi bila kupitia kabureta. Alidondoshea petroli kidogo kwenye maungio, kwa sababu penye tundu injini huinywa na mlio hubadilika. Haukubadilika. Akabana mipira ya hewa kwa koleo, mmoja baada ya mwingine. Wapi. Na kila aliposhindwa alikiona kichwa cha mdogo wake kimeinama pembeni, macho yamefumbwa, midomo inatabasamu. Masikio angekuwa kashamaliza. Masikio angekuwa anaoga saa hizi.

Giza lilikuwa linaanza kukusanyika kwenye pembe za ua. Alitoa ule mpira, akauweka sikioni.

Mluzi ulitokea chini kabisa ya injini. Palikuwa na mpira mmoja usiofanana na wenzake, mweusi, umezungushiwa kitambaa kilichochakaa. Uliingia ndani ya gari kwa tundu dogo, ukapita chini ya zulia. Aliufuata kwa vidole mpaka chini ya kiti cha dereva. Ncha yake ilikuwa wazi. Haikufungwa kwenye kitu chochote.

Kaka mtu alicheka peke yake. Mafundi wote hao, hakuna aliyefikiria kuinua zulia!

Aliziba kwa bolti. Gari likatetemeka kama mtu aliyekabwa koo, akaichomoa haraka. Akaziba kwa kipande cha raba. Ikawa vilevile. Mwisho akafanya kama fundi yeyote afanyavyo akitaka kupima mvuto wa hewa. Aliweka dole gumba.

Gari likatulia.

Likatulia, jamani, utulivu ambao hajawahi kuusikia hata kwenye magari mapya. Dole lilivutwa taratibu, kwa utamu, kama mtoto anavyonyonya. Likaanza kupata baridi. Baridi ikapanda kiganjani, ikafika kwenye kiwiko, na alipohisi inakitafuta kifua akalichomoa. Ncha ya dole ilikuwa nyeupe pee. Gari likarudi kuhema.

Alikaa kwenye zulia akitweta. Akili ilimwambia akusanye vifaa aondoke. Lakini aondoke amwambie nini mjane? Kwamba amwite Masikio?

Aliunganisha mpira wa kusikilizia na ile ncha iliyo wazi. Akaweka sikio.

Mluzi. Kisha chini ya mluzi, kitu kingine. Sauti ndogo, kavu, inayokuja na kurudi pamoja na injini...

"Masikio yupo?"

Aliruka, akagonga kichwa kwenye usukani. Akatazama nje. Mjane alikuwa kule kule mlangoni kwake, mikono kifuani, midomo imefungwa. Kaka mtu akarudisha sikio, polepole.

"Masikio... yupo?"

Mtu mwingine angeutupa mpira, angeruka ukuta, kasha la vifaa angelifuata kesho. Lakini kilichomjia kwanza kaka mtu hakikuwa hofu. Kilikuwa wivu. Hata huku? Hata ndani ya mpira, chini ya kiti, anayeulizwa ni Masikio? Donge alilolimeza miaka yote likapanda mpaka kooni. Aliutoa mpira sikioni, akauweka mdomoni.

"Mchukue," alinong'ona. "Si ndiye mnayemtaka nyote."

Mpira ulilivuta lile neno kutoka ulimini mwake kabla hajalimaliza.

Na gari likatulia. Bila dole. Bila kizibo.

Mjane alikuja taratibu, hatua kwa hatua, kainamisha kichwa anasikiliza. Macho yake yalikuwa na machozi.

"Umeliziba kwa kitu gani?"

"Siri ya fundi, mama."

Alimtazama sana. "Nenda nalo," akasema. "Likalale kwako, ulisikilize. Nitakupigia mimi."

Bei hakuuliza. Gari lilipotoka tu, kaka mtu alisikia geti likifungwa nyuma yake, komeo la juu, halafu la chini.

* * *

Alirudi mtaani kifua mbele. Watu waligeuka kutazama gari, naye alipunguza mwendo ili wageuke vizuri. Jambo la mpira alishalipatia maelezo. Uchovu, njaa, moshi. Alichotaka ni kimoja tu, mdogo wake asikie.

Masikio alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, mkono kifuani.

"Kaka, umetoka wapi? Kifua kimenibana ghafla, sijui..."

"Kwanza sikiliza hii."

Masikio aliinamisha kichwa, akafumba macho kama kawaida yake. Kaka mtu alimkodolea, akisubiri sifa kwa hamu. Badala yake uso wa mdogo wake ulibadilika. Alifumbua macho taratibu.

"Kaka," alinong'ona. "Nani huyo anahema?"

Basi. Kaka mtu alidhani mdogo wake naye kaingiwa na kijicho, na moyo wake ukafurahi kuliko ulivyowahi kufurahi. Alikanyaga mafuta ili mlio upande. Kifua cha Masikio kikaanza kwenda mbio. Alipoachia, kikatulia. Alikanyaga tena, kwa maringo, na mdogo wake akashika nguzo ya banda, anatweta kama aliyekimbizwa.

"Acha usanii wako," kaka mtu alisema, akazima gari.

Pakawa kimya.

Masikio alianguka pale pale, bila kutoa hata mguno.

Mama yao alitoka chumbani kwake kwa kishindo cha mwili kugonga chini. Alimkuta kijana wake macho wazi, midomo inageuka rangi, kifua hakipandi wala hakishuki. Akamtingisha. Akamwita. Kaka mtu alikuwa bado amekaa kwenye kiti cha dereva, funguo mkononi, na harufu ya dawa ya kifua imemjaa puani. Hakuelewa. Mkono wake ndio ulioelewa. Ulirudisha funguo, ukazungusha.

Stata ikazunguka. Gari halikuwaka.

"Mwanangu jamani," mama alisema. "Mwanangu hapumui."

Akazungusha tena. Ikazunguka, ikakohoa, ikashika.

Masikio akavuta pumzi ndefu.

* * *

Mjane alipiga simu asubuhi yake.

"Bado limetulia?"

"Mama, njoo uchukue gari lako. Nakuomba."

"Si langu tena, mwanangu." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala vizuri. "Mume wangu alipata taabu nalo sana. Alikaa nalo mpaka akachoka, na mimi nikachoka pamoja naye. Halafu siku moja mafuta yakamwishia njiani."

"Alikuwaje? Lilimpataje? Nifanye nini?"

"Usiache tangi likauke," mjane alisema, akakata. Kaka mtu alipomfuata siku hiyo hiyo, geti lilikuwa na kufuli kubwa, na majirani walisema amehama na vitu vyake alfajiri.

Alijaribu yote. Alikaa kando ya kile kiti na dole gumba kwenye ncha ya mpira, lakini haukumvuta tena, ulikuwa kama mpira wa bustani. Aliongea nao. Aliuomba. Aliulilia. Ulikuwa kimya, kwa maana ulikuwa umeshiba.

Kwa hiyo gari likabaki bandani, linanguruma. Alilimwagia petroli kwa faneli, alilijaza maji, alilala pembeni yake kwenye kipande cha godoro akishtuka kila lilipobadili mlio. Masikio alikuwa kitandani. Hakuwa na homa wala jeraha, pumzi tu ndiyo ilikuwa ndogo, yenye kipimo kimoja, mchana na usiku. Madaktari walimpima wakatikisa vichwa. Mama alikaa ukingoni mwa kitanda akimpaka dawa ya kifua, na kila kaka mtu alipoingia ile harufu ilimpiga uso.

"Lizime hilo dude," mama alimwambia. "Mdogo wako hapati kupumzika."

"Haliwezi kuzimwa, mama. Ni majaribio."

"Majaribio gani yasiyokwisha? Nitalizima mwenyewe."

Tangu siku hiyo kaka mtu hakulala kabisa.

Na wateja? Wateja waliendelea kuja. Walisimama mbele ya lile gari jekundu, wakatikisa vichwa kwa raha. "Sikia silensa hiyo," waliambiana. "Hiyo kazi ya Masikio, hakuna mwingine." Kaka mtu alikuwa amesimama hapo hapo, macho mekundu, kopo la petroli mkononi. Ungedhani kwa wakati ule wivu ungekuwa umemtoka. Haukumtoka. Alikuwa analinda uhai wa mdogo wake saa zote, na bado sifa zilikwenda kule kule zilikozoea kwenda.

Kitu kimoja alikijua ambacho hakumwambia mtu. Kila jioni alichomoa kijiti cha kupimia oili. Mwanzo oili ilikuwa ya rangi ya asali. Ikawa ya rangi ya chai. Sasa ilikuwa nyeusi, nzito, na ukiisugua kati ya vidole unasikia chembechembe za chuma. Injini haimwagwi oili ikiwa inazunguka. Kubadili oili, lazima uzime.

Na jioni moja, mwanga unapungua, silensa ilipanda.

Ikashuka.

Chumbani, Masikio alikohoa.

Ikapanda... ikashuka zaidi. Kaka mtu aliutwaa ule mpira wa kusikilizia msumarini, akapiga magoti kando ya kiti. Mara ya kwanza ncha ilikosa tundu. Alipolipata, aliweka sikio. Mluzi. Chini ya mluzi, sauti ile ile, ndogo, kavu.

Lakini safari hii haikumtaka Masikio.

"Kaka yake yupo?"

Maisha yake yote alikuwa akingoja kuulizwa. Kwamba mtu afike, apite wengine wote, amtake yeye. Aliweka mpira mdomoni. Neno lilikuwa moja tu, fupi, nipo, na alijua kwamba akilisema, kule chumbani mdogo wake atavuta pumzi yake mwenyewe na kuinuka. Alijua pia zile chembe za chuma kati ya vidole, na pumzi itakayoifuata injini hiyo ikifa itakuwa ya nani.

"Kaka?" Sauti ya Masikio ilikuja kutoka chumbani, imekatika katikati. "Kaka... uko wapi?"

Ikapanda. Ikashuka.

"Kaka yake... yupo?" mpira uliuliza, midomoni mwake.

Kaka mtu alifumba macho. Midomo yake ilijibu yenyewe, kwa ulaini wa mazoea.

"Hayupo," alinong'ona. "Katoka kidogo."

Injini ilishuka, ikashuka, ikabaki inaning'inia pale chini karibu na kuzima. Kisha akarudisha sikio, na mpira ukamletea jibu, kwa upole kabisa, kama mtu anayevuta benchi akae.

"Basi namngoja."